Je, Karatasi Yaweza Kuleta Uhuru? Umoja wa Mataifa na Ukombozi wa Namibia



Kila mara chama chetu kinapoandaa mjadala juu ya Umoja wa Mataifa, hakosi mtu wa kusimama na kusema ati shirika hilo ni mbwa asiye na meno, kazi yake ni kubweka tu. Ukumbi mzima hupiga makofi. Nao wapinzani wake hujitetea kwa kutaja mahema ya wakimbizi na chanjo za watoto, basi mjadala unaishia hapo. Mimi naona kwamba pande zote mbili huusahau mfano ulio bora kuliko yote, yaani Namibia. Nchi hii ilishughulikiwa na Umoja wa Mataifa kwa zaidi ya miaka 40. Hebu tuutazame mfano huu hatua kwa hatua, kisha kila mtu ajiamulie.

Asili ya Ugomvi

Wajerumani waliitawala Namibia tangu mwaka 1884, wakaiita Afrika Kusini-Magharibi. Kati ya 1904 na 1908 waliwaua maelfu kwa maelfu ya Waherero na Wanama. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, majeshi ya Afrika Kusini yaliiteka nchi hiyo mwaka 1915. Mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa liliikabidhi kwa Afrika Kusini kama dhamana. Angalia neno hilo vizuri. Mtu akiwekewa mali kwa dhamana, mali hiyo si yake. Anaitunza kwa niaba ya mwenyewe.

Jirani zetu wa Tanganyika pia walitoka mikononi mwa Wajerumani wakawekwa chini ya dhamana, ila wao walipewa Mwingereza. Mwaka 1946 Uingereza ilikubali kuiweka Tanganyika chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo Mwalimu Nyerere aliweza kwenda New York mwaka 1955 kulitetea taifa lake mbele ya Baraza la Udhamini, na mwaka 1961 bendera ya mkoloni ikashuka. Afrika Kusini nayo ilikataa katakata. Ilitaka kuimeza Namibia iwe mkoa wake. Umoja wa Mataifa haukukubali, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Malalamiko Yafika New York

Chifu Hosea Kutako wa Waherero alitaka kwenda mwenyewe kuwaeleza walimwengu mateso ya watu wake, lakini Makaburu walimnyima ruhusa. Basi akamtuma kasisi Mwingereza, Michael Scott, ambaye mwaka 1949 alizungumza kwa niaba yake mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa. Nyumbani Kutako hakuwa na bunge wala gazeti la kumsikiliza. New York angalau palikuwa na mlango wa kubisha.

Tarehe 14 Desemba 1960 Baraza Kuu lilipitisha Azimio nambari 1514, lililotamka kwamba watu wote wana haki ya kujiamulia mambo yao, na kwamba kutokuwa tayari kielimu au kiuchumi kusiwe kisingizio cha kuchelewesha uhuru. Nchi 89 ziliunga mkono, hakuna hata moja iliyopinga, na 9 zilijizuia kupiga kura. Miongoni mwa hizo 9 zilikuwamo Uingereza, Ufaransa, Marekani, Ureno na Afrika Kusini yenyewe. Msomaji, ukitaka kujua nani alikuwa na shamba la kupoteza, soma orodha hiyo tena.

Mahakama Yawapa Waafrika Kisogo

Mwaka huohuo wa 1960 Ethiopia na Liberia ziliishtaki Afrika Kusini katika Mahakama ya Kimataifa huko The Hague. Kesi ilichukua miaka sita. Tarehe 18 Julai 1966 majaji waligawanyika saba kwa saba, na kura ya rais wa mahakama ndiyo iliyoamua. Iliamuliwa nini? Kwamba Ethiopia na Liberia hazikuwa na haki ya kisheria katika jambo hilo! Yaani baada ya miaka sita, walalamikaji waliambiwa kwamba hayo hayawahusu.

Wiki chache baadaye, tarehe 26 Agosti 1966, wapiganaji wa chama cha SWAPO walipambana na polisi wa Afrika Kusini pale Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia. Vita vya ukombozi vikaanza. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam, iliwasaidia wapiganaji hao, na wengi wao walipitia kambi ya Kongwa nchini Tanzania.

Kazi ya Karatasi

Oktoba 1966 Baraza Kuu liliifuta dhamana ya Afrika Kusini. Mwaka 1967 likaunda Baraza maalumu la kuisimamia nchi hiyo, na mwaka 1968 likaipa jina la Namibia. Mwaka 1971 Mahakama ileile ya The Hague ilibadilisha msimamo na kusema kwamba kukaa kwa Afrika Kusini nchini humo ni kinyume cha sheria.

Je, Kaburu aliondoka? Wapi! Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Mwaka 1974 Baraza la Namibia lilitoa amri ya kulinda madini na mali asili ya nchi, lakini mwaka 1976 mgodi wa urani wa Rössing ulianza kazi kana kwamba hakuna amri. Katika Baraza la Usalama, pendekezo la kuinyima Afrika Kusini silaha kwa sababu ya Namibia lilipigwa kura ya turufu na Marekani, Uingereza na Ufaransa mwaka 1975, na tena mwaka 1976.

Hata hivyo, Mgala muue na haki umpe. Baraza la Namibia liliwapa Wanamibia walioko uhamishoni hati za kusafiria. Mwaka 1976 Taasisi ya Umoja wa Mataifa ya Namibia ilifunguliwa Lusaka, Zambia, kuwafunza vijana kazi za serikali kabla hata serikali yenyewe haijapatikana. Mkurugenzi wake alikuwa Hage Geingob, ambaye mwaka 1990 alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza, na kuanzia 2015 hadi kifo chake mwaka 2024 alikuwa Rais.

Kilichomtoa Kaburu

Septemba 1978 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 435: Afrika Kusini iondoke, na uchaguzi huru ufanywe chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa. Karatasi hiyo ilikaa miaka kumi ikisubiri. Marekani na Afrika Kusini zilisema kwanza majeshi ya Kuba yaondoke Angola. Mambo yalibadilika baada ya mapigano makali ya Cuito Cuanavale, Angola, mwaka 1987 na 1988, ambapo Afrika Kusini iliona kuwa ushindi umekuwa ghali mno. Tarehe 22 Desemba 1988 Angola, Kuba na Afrika Kusini zilitia sahihi mapatano mjini New York.

Utekelezaji ulianza tarehe 1 Aprili 1989, na ulianza vibaya. Wanajeshi wengi wa Umoja wa Mataifa walikuwa hawajafika. Wapiganaji wa SWAPO walionekana kaskazini, na majeshi ya Afrika Kusini yakaruhusiwa kutoka kambini. Wapiganaji wengi waliuawa. Hilo ni doa ambalo halifutiki.

Hatimaye kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNTAG, kilikamilika chini ya Martti Ahtisaari wa Finland. Hapa Mkenya ana haki ya kutembea kifua mbele: Kenya, Finland na Malaysia ndizo zilizotoa vikosi vya askari wa miguu, na Brigedia wetu Daniel Opande alikuwa naibu wa kamanda wa majeshi hayo. Wakimbizi zaidi ya 40,000 walirudishwa kwao. Mwezi Novemba 1989 zaidi ya asilimia 95 ya walioandikishwa walipiga kura. SWAPO ilipata viti 41 kati ya 72. Tarehe 21 Machi 1990 Sam Nujoma aliapishwa, na aliyemwapisha ni Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Javier Pérez de Cuéllar.

Funzo

Kwa maoni yangu, karatasi haikumtoa Kaburu. Alitolewa na wapiganaji, gharama ya vita, na majirani waliokubali kuumia. Lakini bila karatasi, angeondoka akimwachia nani, na kwa masharti ya nani? Azimio 435 lilikuwa limeandikwa tayari siku alipochoka. Mlango ulipofunguka, hapakuwa na haja ya kubishana juu ya njia.

Lakini tusijidanganye kuwa karatasi peke yake yatosha. Sahara Magharibi nayo ina maazimio, ina maoni ya mahakama ya mwaka 1975, na ina kikosi cha Umoja wa Mataifa tangu 1991. Hata hivyo kura ya kujiamulia waliyoahidiwa haijapigwa hadi leo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Msamiati

Azimio: uamuzi uliopitishwa na baraza. Kumbuka pia Azimio la Arusha la 1967.
Dhamana: kitu unachokabidhiwa ukitunze kwa niaba ya mwenyewe.
Kura ya turufu: kura ya mwanachama mmoja wa kudumu inayozuia uamuzi wa wengine wote. Neno linatoka kwenye mchezo wa karata.
Kujiamulia: haki ya watu kuchagua wenyewe namna ya kutawaliwa.

Maswali ya Mjadala

1. Kwa nini Tanganyika ilipata uhuru miaka 29 kabla ya Namibia, ilhali zote zilikuwa dhamana?
2. "Kura ya turufu ifutwe." Unga mkono au pinga.
3. Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti kati ya kutawala, kutawaliwa na kujitawala.