Kamera ya renjifainda kwa mvaa miwani: hesabu mbili kabla ya kulipa

Mvaa miwani akinunua kamera ya filamu aina ya renjifainda, tatizo lake la kwanza huwa kwenye dirisha la kuchungulia. Kioo cha miwani hulizuia jicho lisisogee karibu, na jicho likikaa mbali, kingo za dirisha hupotea. Kwenye kamera hizi kingo ndizo zenye kazi, kwa kuwa hapo ndipo ilipo mistari myeupe ya fremu inayoonyesha lenzi itachukua nini na itaacha nini. Usipoiona, unapiga kwa kubahatisha.

Kwa hiyo desturi ya kuchagua kamera kwanza na lenzi baadaye haimfai mwenye miwani. Amua kwanza lenzi utakayoitumia kila siku, kisha utafute kamera itakayokuonyesha fremu ya lenzi hiyo, miwani ikiwa usoni.

Hesabu ya kwanza: gawanya

Kila dirisha lina kiwango chake cha ukuzaji. Ukuzaji wa 1 huonyesha vitu kwa ukubwa uleule unaouona kwa macho, na wa 0.5 huvionyesha kwa nusu. Ukuzaji ukipungua, fremu husogea kuelekea katikati na kuonekana kwa urahisi.

Chukua urefu wa fokasi wa lenzi kwa milimita, ugawanye kwa ukuzaji. Jibu likizidi 50, wengi wenye miwani huiona fremu nzima bila taabu. Likiwa kati ya 45 na 50, itabidi ubane uso kwenye kamera. Likiwa 40 au chini yake, pembe za fremu zitakuponyoka. Hiki ni kipimo cha kukadiria, kwani unene wa miwani na umbo la tundu la kuchungulia navyo vina sehemu yake.

Leica M3, iliyotoka mwaka 1954, ina ukuzaji wa 0.91. Lenzi ya 50 inatoa jibu la 55, hivyo inafaa, ila kamera hiyo haina fremu ya 35. Leica M2, M4 na M6 ya kawaida zina 0.72: hapo 50 inatoa 69, 35 inatoa 49, na fremu ya 28 iliyomo kwenye M6 inatoa 39. Anayependa 28 atafute M6 TTL, M7 au MP iliyotengenezwa kwa ukuzaji wa 0.58, ambapo jibu hupanda hadi 48. Kwa Voigtländer Bessa R4, yenye 0.52, linafika 54. Dada yake, Bessa R3, ina ukuzaji wa 1 na huchunguliwa macho yote mawili yakiwa wazi, lakini fremu yake ya 40 itamsumbua sana mvaa miwani.

Hesabu ya pili: zidisha

Dirisha lenye ukuzaji mdogo lina gharama yake. Fokasi ya renjifainda hupatikana kwa kulinganisha taswira mbili zinazotoka kwenye vidirisha viwili, mpaka ziungane kuwa moja katikati ya dirisha. Zidisha umbali kati ya vidirisha hivyo kwa ukuzaji. Jibu likiwa kubwa, fokasi inakuwa makini zaidi. M3 inatoa takriban milimita 62, Leica ya 0.72 takriban 50, ya 0.58 takriban 40, na Bessa R4 kama 19 tu. R4 ilikusudiwa lenzi pana. Ukiifunga 50 ya f/1.4 na kuifungua yote kwa mtu aliye umbali wa mita moja, tarajia macho yake kutoka na ukungu mara kwa mara.

Lenzi

Chagua fupi. Lenzi nene, au kofia yake, huziba pembe ya chini ya dirisha, na wewe tayari pembe zinakupa shida. Lenzi ya 35 au 50 ya f/2 inatosha kwa kazi nyingi.

Lenzi ya 35 ina faida nyingine. Juani, ukitumia filamu ya ISO 100, weka f/8 na kasi ya 1/500, kisha zungusha pete ya fokasi hadi mita 3. Kila kitu kuanzia kama mita 2 hadi mita 7 kitakuwa safi vya kutosha, na hutahitaji kulinganisha taswira kabla ya kila picha.

Kuchungulia bila miwani

Zipo lenzi ndogo za dayopta zinazofungwa kwenye tundu la kuchungulia ili uvue miwani. Chagua kwa miwani ya kuonea mbali, si ya kusomea: dirisha la Leica M limepangwa ili jicho lione kana kwamba linatazama kitu kilicho mita 2 mbele. Lenzi hizi za kawaida hazirekebishi astigimatizimu. Tena kuvua miwani kila unapopiga kunachosha, na katikati unakuwa huoni kinachotokea mbele yako. Kwa walio wengi ni afadhali kubaki nayo.

Ukibaki nayo, kumbuka kuwa M3 na M2 zina ukingo wa chuma mtupu kwenye tundu. Tafuta kijipete cha mpira kabla haujaikwaruza miwani yako.

Ukiwa mbele ya muuzaji

Vaa miwani yako ya kila siku. Kama ina nguvu tofauti juu na chini, inamisha kichwa kidogo ili uchungulie kwa sehemu ya juu. Uliza ukuzaji wa kamera hiyo hasa, maana modeli moja huweza kuwa na matoleo tofauti. Tazama kama unaona pembe zote nne za fremu kwa mara moja, bila kuhamisha jicho.

Kisha lenga mnara wa simu au nguzo iliyo mbali sana, lenzi ikiwa kwenye alama ya mbali kabisa. Taswira mbili ziwe moja, pasiwe na iliyopanda juu kuliko nyingine. Pima mita moja kwa futi ya fundi, ulenge kitu hapo, ulinganishe na namba kwenye lenzi. Mwisho ingia kwenye kivuli: kama huoni mpaka wa kiraka cha katikati, pale taswira mbili zinapolinganishwa, huenda vioo vya ndani vimechoka, na matengenezo yake ni ghali.

Bajeti ikiwa ndogo, Canonet QL17 GIII ya 40 au Yashica Electro 35 ya 45, zote zenye lenzi isiyobadilishwa, ni mwanzo mzuri. Zilitengenezwa kwa betri za zebaki ambazo haziuzwi tena, kwa hiyo uliza kama adapta ya betri imo. Bila betri Canonet bado hupiga ukiipanga mwenyewe. Electro hubaki na kasi moja tu, 1/500.