Kivuli cha Uma na Ukubwa wa Jua

Nyumba zetu zina maabara isiyo na gharama. Nondo za dirisha, meno ya uma na fito za kitanda hutupa mistari ya vivuli ukutani na sakafuni. Mwezi Agosti 1835, huko Lacock, Uingereza, William Henry Fox Talbot alipiga picha ya dirisha la nyumba yake lenye vioo vidogo vidogo. Negativu hiyo ndiyo ya kale kuliko zote za kamera zilizohifadhiwa. Katika somo hili tutaitumia picha ya kivuli kama kipimo.

Jaribio

Vifaa: uma, ubao uliobandikwa karatasi nyeupe, rula, na kamera yoyote, hata ya simu.

1. Mchana usio na mawingu, inamisha ubao hadi karatasi ilikabili jua. Weka rula juu ya karatasi.
2. Shika uma sentimita 2 kutoka kwenye karatasi, kisha piga picha ya kivuli.
3. Rudia kwa umbali wa sentimita 30, halafu mita 1.

Tahadhari: usilitazame jua wala usilielekezee kamera.

Maelezo

Katika picha ya kwanza meno ya uma ni mistari mikali. Katika ya pili kingo zimefifia. Katika ya tatu meno hayaonekani tena, bali limebaki doa moja hafifu.

Sababu ni kwamba Jua si nukta. Umbali wake kutoka Duniani ni takriban mara 108 ya kipenyo chake. Kwa hiyo ukingo wa kivuli hutanuka sentimita 1 kwa kila sentimita 108 za umbali. Sehemu isiyofikiwa na mwale wowote wa Jua ni kivuli kizito. Sehemu inayopata baadhi ya miale ni kivuli hafifu. Jino lenye upana wa milimita 3 hupoteza kivuli chake kizito baada ya milimita 324, yaani sentimita 32 hivi.

Kanuni hiyo hiyo hutawala angani. Kipenyo cha Mwezi ni kilometa 3,476. Ukizidisha kwa 108 utapata kilometa 375,000 hivi. Mwezi ukiwa mbali zaidi ya hapo, kivuli chake kizito hakiifikii Dunia. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 1 Septemba 2016, ambapo watu wa Rujewa, mkoani Mbeya, waliliona Jua likiwa pete ya moto kuuzunguka Mwezi. Siku hiyo Mwezi ulikuwa kama jino la uma lililoinuliwa mno.

Maswali

1. Ufito wa milimita 10 hupoteza kivuli chake kizito kwa umbali gani?
2. Chini ya taa ya mrija mrefu, kwa nini kivuli cha penseli huwa wazi zaidi penseli ikilala sambamba na mrija?