Kidaka cha Umeme Mlangoni: Namna ya Kuchagua, Kufunga na Kukagua

Milango inayofunguliwa kwa kadi au kwa namba ya siri imekuwa jambo la kawaida katika ofisi, maduka ya dawa, zahanati na majengo yenye wapangaji wengi. Katika milango mingi ya namna hiyo, kitasa ni kilekile cha siku zote. Kilichobadilika ni kipande kilicho kwenye fremu. Kwa mlango wa kawaida, ulimi wa kitasa huingia katika tundu la bamba la chuma lisilosogea. Kifaa cha umeme huchukua nafasi ya bamba hilo. Kina mdomo wa chuma wenye bawaba, ambao ukipokea amri huachia, na mlango ukasukumwa bila kishikio kuzungushwa. Katika somo hili tutakiita kidaka cha umeme.

Kabla ya kuuliza bei, mlaji ajiulize maswali mawili: umeme ukikatika mlango utakuwaje kwa aliye nje? Na aliye ndani atatokaje?

Aina mbili za vidaka

Kidaka kishikacho hubaki kimefunga pasipo umeme, na hufungua pale tu kinapopelekewa umeme. Kidaka kiachiacho ni kinyume chake: hushika kwa nguvu ya umeme, na umeme ukitoweka huachia mlango.

Kwa duka, stoo au chumba cha fedha, kishikacho ndicho kinachofaa kwa kawaida, kwa kuwa kukatika kwa umeme usiku hakutaacha mali bila ulinzi. Kiachiacho hutumika pale ambapo watu wa nje lazima waweze kuingia umeme ukikosekana. Vipo vidaka vinavyoweza kugeuzwa kutoka aina moja kwenda nyingine kwa kuhamisha skrubu. Mtake fundi akuonyeshe kimewekwa katika hali gani kabla hajakifunga.

Mlango uliotengenezwa kuzuia moto una sharti la ziada. Mlango huo hauna budi kubaki umefungwa kwa ulimi wake wakati wa moto ili moshi na miali visipite. Kwa hiyo haufai kuwekewa kidaka kiachiacho. Huwekewa kishikacho kilichothibitishwa kwa ajili ya milango ya moto.

Kutoka hakupaswi kutegemea umeme

Wanunuzi wengi hudhani kwamba kidaka kishikacho kitawafungia watu ndani. Sivyo, ikiwa kitasa ni sahihi. Aliye ndani akishusha kishikio, ulimi hurudi ndani ya kitasa kwa nguvu ya mkono wake, na mlango hufunguka hata kama kidaka bado kimeshika. Uwe umeme upo au haupo, njia ya kutoka ni ileile.

Hatari huja pale kishikio cha ndani kinapoondolewa, kinapofungwa kwa ufunguo, au kinapobadilishwa na kibonyezo cha ukutani peke yake. Kibonyezo hutegemea waya, na waya huungua. Mwezi Machi 2001, moto ulizuka usiku katika bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, wilayani Machakos nchini Kenya, na wanafunzi zaidi ya 60 wakapoteza maisha. Mlango mmoja wa bweni hilo ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Hapo hapakuwa na kifaa cha umeme, lakini funzo ni lilelile: mlango usiofunguka kwa mkono kutoka ndani ni mtego. Usikubali kazi yoyote inayoondoa kishikio cha ndani, hata kama fundi atasema kibonyezo kinatosha.

Kioane na kitasa na fremu

Kidaka huchaguliwa kwa kufuata kitasa kilichopo. Pima urefu na unene wa ulimi, ujue fremu ni ya mbao, alumini au chuma, kisha mpe muuzaji vipimo hivyo pamoja na picha. Vidaka vingi vimetengenezwa kwa ulimi wenye mteremko na springi. Havifanyi kazi na komeo la kufunga kwa ufunguo. Komeo likifungwa, kadi haitafungua mlango.

Vitasa vingi vya biashara vina kijiulimi cha pili kando ya ulimi mkubwa. Kazi yake ni kuzuia ulimi usirudishwe kwa kadi ya plastiki au kisu. Mlango unapofungwa, kijiulimi hicho lazima kikandamizwe na uso wa kidaka. Kikitumbukia ndani ya tundu pamoja na ulimi mkubwa, ulinzi wake umepotea, na kifaa cha bei ghali kitafunguliwa kwa kipande cha plastiki.

Fremu ya mbao hukatwa kidogo iwezekanavyo, na skrubu ndefu zifike kwenye mbao imara au ukuta nyuma yake. Kidaka chenye nguvu katika fremu dhaifu ni kazi bure.

Umeme na betri

Vidaka vingi hutumia volti 12 au 24 za umeme mnyoofu. Volti ya kidaka lazima ilingane na ya kifaa kinachokilisha umeme, na waya usiwe mwembamba mno kwa umbali wake. Vinginevyo kidaka kitalia bila kuachia.

Uliza pia ampea. Kidaka kiachiacho kinachokula ampea 0.25 muda wote kitamaliza betri ya ampea-saa 7 kwa saa 28 kwa hesabu ya karatasi, na mapema zaidi kwa uhalisia, kwa kuwa kisoma kadi nacho hula umeme na betri huzeeka. Kishikacho hula umeme kwa sekunde chache tu kila mlango unapofunguliwa, hivyo betri hiyohiyo hudumu zaidi.

Kisoma kadi hukaa nje, lakini swichi inayoamuru kidaka ikae ndani. Zikiwa pamoja nje, mwizi atang'oa kisanduku, agusanishe nyaya mbili, na mlango utafunguka.

Majaribio kabla ya kumaliza malipo

Fanya majaribio haya fundi akiwapo:

1. Fungua na ufunge mlango mara kumi. Kila mara ujifunge wenyewe mpaka ulimi uingie. Usipoingia, mashine ya kurudisha mlango irekebishwe.
2. Mtu ausukume mlango kutoka nje wakati kadi inapogusishwa. Vidaka vingine hukwama ulimi ukikandamizwa; mlango uliopinda huleta kasoro hiyohiyo.
3. Mlango ukiwa umefungwa, jaribu kuurudisha ulimi kwa kadi ya plastiki.
4. Zima umeme wa jengo, uone kama betri inachukua kazi. Kisha chomoa na betri: kwa nje mlango uwe kama ulivyochagua, na kwa ndani ufunguke kwa kishikio mara moja.

Rudia jaribio la nne kila baada ya miezi michache, maana betri hufa kimyakimya.

Makubaliano yawe ya maandishi

Hati ya makubaliano itaje chapa na modeli ya kidaka, aina yake, volti, ukubwa wa betri, muda wa dhamana, na nani atagharimia fremu ikiharibika. Fundi anayeunganisha kifaa na umeme wa jengo awe na leseni inayotakiwa. Kazi ikikamilika, ukabidhiwe ufunguo wa kawaida wa kitasa, kadi zote na namba kuu ya mfumo. Badilisha namba ya kiwandani siku hiyohiyo. Kwa jengo linalopokea watu wengi, omba ushauri wa Zimamoto kabla ya kazi kuanza.

Dai risiti na uitunze pamoja na hati ya dhamana. Kifaa kikiwa tofauti na kilichoandikwa, au kishikio cha ndani kisipofungua mlango, usisaini kupokea kazi. Andika kasoro, mpe fundi nakala, na utake irekebishwe kabla mlango haujaanza kutumika.