Nafsineni na Umiliki wa Ardhi katika Wimbo "Beds Are Burning"

Makala haya yanachunguza swali moja: katika wimbo unaowatetea walionyang'anywa ardhi, anayesema ni nani? Wimbo unaorejelewa ni "Beds Are Burning", yaani vitanda vinaungua, uliotolewa mwaka wa 1987 na Midnight Oil, bendi ya roki ya Wazungu wa Sydney, Australia.

Mwaka wa 1986 wanabendi hao walizuru jamii za Waaborijini jangwani wakiandamana na Warumpi Band, kundi lililotokana na makazi ya Papunya. Wapintupi wengi walikuwa wamehamishiwa huko kutoka jangwa la magharibi katika miaka ya 1950 na 1960. Kuanzia mwaka wa 1981 walirejea kwao na kuanzisha makao ya Kintore. Jina la Kintore limo katika wimbo.

Ufundi mkuu wa utungo huu umo katika tamathali ya kodi. Sheria ya Australia ilishikilia kwamba Wazungu walifika katika nchi isiyo na mwenyewe; dhana hiyo haikubatilishwa hadi mwaka wa 1992, Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya Mabo. Miaka mitano kabla ya hukumu hiyo, wimbo ulikwisha kumshusha mlowezi kutoka cheo cha mmiliki hadi mpangaji aliyelimbikiza deni. Taswira ya kitanda inakamilisha shtaka: mpangaji huyo amelala, na moto umo chini yake.

Hata hivyo, nafsineni husema "sisi" akiwakusudia Wazungu wenzake, na wenye ardhi wanabaki kuwa "wao". Msomaji anaweza kuuona huu kuwa udhaifu, kwa kuwa Wapintupi hawasikiki. Lakini anayepaswa kuungama ni yule aliyechukua. Laiti bendi hiyo ingejitia kusema kwa sauti ya Wapintupi, ingekuwa imewapora mara ya pili. Katika kufunga Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka wa 2000, wanabendi waliuimba wakiwa na mavazi meusi yenye neno la kuomba radhi, radhi ambayo Waziri Mkuu John Howard alikuwa amekataa kuiomba kwa niaba ya serikali.

Kinyume chake ni "Treaty" (1991) wa Yothu Yindi, uliozaliwa na ahadi ya mkataba iliyotolewa na Waziri Mkuu Bob Hawke huko Barunga mwaka wa 1988 na isiyotimizwa. Humo mwenye ardhi anajisemea, kwa Kiingereza na kwa Kigumatj, mojawapo ya lugha za Wayolngu. Lugha hizo zina "sisi" mbili: moja humjumuisha msikilizaji, nyingine humtenga. Kiswahili, sawa na Kiingereza, kina moja tu. Mwanafunzi atakayejaribu kuufasiri wimbo wa Midnight Oil atalazimika kuongeza neno baada ya "sisi", na neno hilo ndilo litakaloamua ni nani anayedaiwa.