Tangi Lililoanguka: Maisha ya Rubani Jim Lovell

Somo letu la safari hii si la mbuzi wa maziwa wala la kuchimba choo. Tunasoma maisha ya Mmarekani mmoja, rubani wa jeshi la majini, ambaye alifika karibu na mwezi mara mbili na hakuukanyaga hata mara moja. Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize. Pale tutakaposema simameni, simameni.

James Lovell, au Jim kama walivyomwita wengi, alizaliwa tarehe 25 Machi 1928 mjini Cleveland, jimbo la Ohio. Baba yake alikufa kwa ajali ya gari Jim angali mtoto, mama akabaki kumlea peke yake huko Milwaukee. Pesa zilikuwa shida. Kijana alipenda sana roketi, hata akiwa sekondari alijitengenezea moja kwa unga wa baruti; ikaruka juu kidogo, ikalipuka. Elimu ya juu aliipata kwa kulipiwa na jeshi la majini, na mwaka 1952 akamaliza chuo cha maofisa wa jeshi hilo kule Annapolis. Siku hiyo hiyo akafunga ndoa na Marilyn.

Kazi yake ya kwanza haikuwa ya mchezo: kurusha ndege usiku kutoka kwenye manowari, na kutua tena juu ya manowari hiyo hiyo katikati ya bahari. Usiku mmoja karibu na Japani, alipotea. Alikuwa amejiundia kitaa kidogo cha kumsaidia kusoma karatasi zake. Alipokiwasha, umeme ukapiga shoti, taa zote za ndani ya ndege zikazimika. Giza tupu! Lakini kwa sababu ya lile giza, aliweza kuona chini mstari wa mwanga wa kijani majini. Ni vile vijidudu vya bahari vinavyong'aa maji yakitibuliwa, na hapo yalikuwa yametibuliwa na manowari yake. Akaufuata mstari huo mpaka nyumbani.

Mwaka 1959 wakubwa wa safari za anga walipochagua watu wa kwanza, Lovell alikataliwa kwa sababu ya vipimo vya damu. Alirudi kazini, akaomba tena, na mwaka 1962 akakubaliwa. Desemba 1965 alikaa angani karibu siku 14 na mwenzake Frank Borman katika chombo chenye nafasi kama ya viti viwili vya mbele vya gari. Desemba 1968 yeye, Borman na Bill Anders walikuwa watu wa kwanza kuuzunguka mwezi. Mkesha wa Krismasi walisoma mwanzo wa kitabu cha Mwanzo, na watu wengi sana duniani waliwasikia.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Tarehe 11 Aprili 1970 Lovell aliondoka tena, safari hii akiwa kiongozi wa Apollo 13, pamoja na Fred Haise na Jack Swigert. Safari hii alitarajia kutua mwezini. Swigert aliingizwa siku chache tu kabla ya safari, kwa kuwa yule wa kwanza aliogopewa kuambukizwa rubela. Siku mbili baadaye, wakiwa kilomita kama 320,000 kutoka duniani, wakasikia kishindo. Lovell alichungulia dirishani akaona kitu kama mvuke kinatoka ubavuni mwa chombo. Ilikuwa oksijeni yao, ile ya kupumua na ya kutengenezea umeme na maji.

Walihamia katika chombo kidogo cha kutulia mwezini, kilichoundwa kwa watu wawili kwa muda wa siku mbili hivi. Sasa kiwabebe watatu kwa karibu siku nne. Wakazima karibu kila kitu. Baridi ikafika kama nyuzi 3. Maji wakajipimia kidogo kuliko kikombe kimoja kwa siku. Halafu hewa chafu wanayoitoa puani ikaanza kuwazidi. Visafishio vya hewa vya chombo kikubwa vilikuwapo, lakini ni vya mraba, na tundu za chombo kidogo ni za mviringo. Mafundi waliokuwa Houston wakakaa chini na vitu vile vile walivyokuwa navyo wale watatu: mifuko ya plastiki, kadibodi za vitabu, mipira ya nguo zao, utepe wa gundi. Wakaunda kifaa, kisha wakawasomea kwa redio hatua kwa hatua. Kikafanya kazi.

Kulikuwa na kazi nyingine tunayoipenda zaidi. Ilibidi kunyoosha njia bila kompyuta. Lovell alishika usukani wa upande mmoja, Haise wa upande mwingine, wakailenga dunia kupitia dirishani, na Swigert akahesabu sekunde 14 kwa saa yake ya mkononi. Yule mgeni wa siku chache! Tarehe 17 Aprili walitua salama katika bahari ya Pasifiki.

Kishindo kilitokana na nini? Wachunguzi walifuata kila karatasi nyuma. Kumbe mwaka 1968, kiwandani, tangi lile la oksijeni liliteleza likaanguka sentimita 5 tu. Likapimwa, likaonekana zima. Wiki chache kabla ya safari, katika majaribio, likakataa kutoa oksijeni kama kawaida. Mafundi wakaamua kulipasha moto kwa saa nyingi ili oksijeni itoke kama mvuke. Swichi za kuzuia joto lisizidi zilikuwa za volti 28, umeme uliotumika ni volti 65. Zikashikana. Kipimo cha joto hakikuweza kuonyesha zaidi ya nyuzi 27, basi kila aliyekitazama aliona mambo shwari huku ndani nyaya zinaungua maganda. Apollo 14 ilipoondoka Januari 1971, matangi yalikuwa yamebadilishwa, na la tatu limewekwa mbali na wenzake.

Simameni hapa. Je, katika kikundi chenu kuna kitu kilichowahi kuanguka kidogo, pampu, mzinga au hesabu ya fedha, mkasema kiko sawa? Nani alijua? Na kile kipimo mnachokitegemea, kinaweza kuonyesha mambo yakiharibika kabisa, au kinaishia nyuzi 27? Mama mwenye kuweka daftari asisemeshwe peke yake. Kila mtu ajibu.

Lovell naye alijibu. Kabla ya safari aliambiwa habari za tangi kukataa kutoa oksijeni, na kama kiongozi angeweza kudai lingine. Alikubali waendelee. Baadaye aliandika waziwazi kwamba sehemu ya lawama ni yake, hakuwaachia mafundi wa kiwandani peke yao. Hakuruka tena angani. Alistaafu mwaka 1973, akafanya biashara, na mwaka 1994 akatoa kitabu cha safari ile pamoja na mwandishi Jeffrey Kluger. Alikufa tarehe 7 Agosti 2025, akiwa na miaka 97.