Dondoo muhimu: Mtoto acheze wapi Kalemie?
Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili angalau dakika 60 kila siku. Ufuo wa Ziwa Tanganyika unafaa, ukichagua mahali.

• Nenda asubuhi au jua likishapoa.

• Epuka matete na mahali Lukuga, mto pekee unaotoa maji ziwani, unapoanzia. Mamba na viboko si hadithi.

• Beba maji yaliyochemshwa, na sabuni, kwani kipindupindu kipo.

• Mwache achimbe mchanga, ajenge, abomoe, agombanie zamu ya kupiga mpira wa matambara. Watoto wakizozana, usikimbilie kuamua: hapo ndipo wanapojifunza kupatana. Ila wakirushiana mawe, ingilia.

• Simu ibaki mfukoni, yako kwanza.