Mafunzo Niliyopata Tulipolinusuru Bwalo la Zamani

Mtanzania akiona X nyekundu ukutani haulizi maana yake. Ilipochorwa kwenye bwalo la zamani la chuo cha ualimu nilikosoma, habari zilifika kwenye kundi letu la WhatsApp kabla rangi haijakauka. Bwalo hilo lilijengwa wakati wa Waingereza: kuta nene za mawe na chokaa, madirisha marefu, paa la vigae vyekundu vya Mangalore. Humo tulikula maharage, tukafanya mitihani, tukaghani ngonjera, na wengine wakapata wachumba. Mpango ulikuwa kuliondoa, pamoja na bweni lililopakana nalo, ili lijengwe ghorofa la madarasa. Leo bwalo lipo na linatumika. Bweni halipo. Yote mawili yalinifunza.

1. Kabla ya kulalamika, omba sababu kwa maandishi

Siku za mwanzo kundi lilijaa picha za zamani na maneno ya uchungu. Aliyetutuliza ni mwalimu mstaafu, mzee aliyewahi kukaa kwenye bodi kadhaa za shule. "Wanangu," alisema, "ulizeni kwanza: jengo ni hatari, au eneo lake ndilo linalotakiwa?" Maswali hayo mawili hayana jibu moja. La kwanza ni la mhandisi, la pili ni la ramani. Tukamwandikia mkuu wa chuo barua ya heshima, tukapewa nakala ya taarifa ya ukaguzi. Ilisema paa limeoza na dari inaanguka. Kuhusu kuta na msingi wa bwalo haikusema neno. Tangu hapo tuliacha kuzungumzia ujana wetu, tukazungumzia mbao.

2. Uzee wa jengo si kinga

Kuna imani kwamba jengo la enzi za ukoloni haliguswi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Yaliyokuja baadaye hulindwa pale waziri mwenye dhamana anapoyatangaza. Vyuo na shule zetu nyingi za zamani viko upande wa pili wa mwaka 1863. Shule ya Tabora ilianza miaka ya 1920. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia Mlimani kutoka Mtaa wa Lumumba mwaka 1964, mwaka uleule wa sheria yenyewe. Hata Ukumbi wa Nkrumah, uliotokea kwenye noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010, ni kijana mbele ya sheria hiyo. Zanzibar wana mamlaka maalumu ya kuusimamia Mji Mkongwe tangu 1985. Kwetu bara, jengo la chuo kwa kawaida linasimama au kuanguka kwa uamuzi wa bodi. Ombi la kulitangaza jengo lipelekwe, lakini usiketi kulisubiri.

3. Ufa huanzia juu

Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Fundi mwashi mzee tuliyemleta chuoni alituongezea nusu yake: alipanda ngazi kabla hajautazama ukuta wowote. Vigae vichache vilikuwa vimevunjika, maji yakapita, kenchi zikalowa, mchwa wakafuata. Ukuta wa mawe na chokaa unaweza kuvuka karne ikiwa juu yake ni pakavu.

Aliposhuka alitupeleka nyuma ya bwalo, mahali ambapo kuta zilikuwa zimepigwa plasta ya saruji juu ya chokaa ya zamani. Chokaa, alisema, inapumua: unyevu unaingia na unatoka. Saruji huufungia ndani, chumvi ikajikusanya, plasta ikabanduka na mawe yakaanza kumung'unyika. Ukarabati uliofanywa kwa nia njema ulikuwa umeumiza ukuta kuliko mvua za miaka yote. Kwa hiyo jambo la kwanza kwenye orodha yetu lilikuwa kuiondoa saruji, na la pili kumtafuta mtu ambaye bado anajua kuchanganya chokaa.

Wakati ule sote tulikuwa na Beit al-Ajaib akilini. Jumba hilo la Sultani Barghash, lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa limeanza kupoteza vipande miaka kadhaa kabla ya sehemu yake kubwa kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea. Watu wawili walikufa. Ndiyo maana sikukubali hata siku moja tuseme kwamba wahandisi wanaoliita jengo hatari wanatafuta kisingizio. Jengo lililochelewa kutunzwa linaua kweli.

4. Njoo na makadirio, na usiyapunguze

Kijana wa mwenzetu mmoja ni mkadiriaji majenzi. Alituandalia mchanganuo wa gharama wa pande mbili. Huku ziliwekwa kenchi, vigae, chokaa, nyaya za umeme na posho za mafundi. Kule kubomoa, kusomba kifusi na kujenga upya. Baadhi yetu walimwomba apunguze kidogo upande wa ukarabati. Alikataa katakata: bodi ikigundua tarakimu moja ya uongo, alisema, haitasoma ukurasa wa pili.

Matokeo yalitugawa. Kwa bwalo, ukarabati ulikuwa nafuu. Kwa bweni haukuwa nafuu hata kidogo, kwani msingi wake ulikuwa umezama upande mmoja na ukuta umeachana na pembe. Wapo walionuna, hasa waliolala humo. Tukaamua kuandika wazi kwenye barua kwamba bweni hatulipiganii. Nina hakika ndiyo sentensi iliyofanya tusikilizwe kuhusu bwalo.

5. Wasikilize wanaosoma hapo sasa

Wahitimu wana kumbukumbu. Wanafunzi wana shida. Tulipokutana nao, binti mmoja alisimama, akatuamkia vizuri, kisha akasema: "Wazazi wetu, sisi tunasomea kwenye korido. Bwalo likibaki, tunapata nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu tayari, na mpango wote ulibadilika pale. Ghorofa la madarasa likapendekezwa kwenye kiwanja cha bweni. Bwalo, ambalo halikuwa likitosha tena kwa chakula, likapendekezwa kuwa maktaba na mahali pa kujisomea usiku, lenye taa za kutosha, feni na intaneti.

Boma la Kale la Dar es Salaam, la zama za Sultani Majid katika miaka ya 1860, leo limepewa kituo cha urithi wa usanifu wa jiji, na watu wana sababu ya kuingia. Jengo lenye kazi hupata watetezi wapya kila mwaka wa masomo. Lisilo na kazi hubaki na watetezi wanaozeeka.

6. Mwachie mwenye uamuzi njia ya heshima

Wachache wetu walitaka kwenda magazetini na kumtaja mkuu wa chuo. Mama mmoja aliyefanya kazi serikalini maisha yake yote aliwazuia. Alitueleza jinsi fungu linavyotembea: fedha ilikuja kwa ajili ya madarasa, haiwezi kugeuzwa kuwa ya kukarabati paa, na mwaka wa fedha ukifungwa Juni 30 ikiwa haijatumika, inaweza kurudi Hazina. Mkuu wa chuo hakuwa na chuki na bwalo. Alikuwa na kalenda.

Basi tukampa pendekezo analoweza kulisaini bila kujikana. Madarasa yajengwe kwa fedha ileile na ndani ya mwaka uleule, kwenye kiwanja kingine. Paa la bwalo tulichangie sisi. Siku ya kukabidhi maktaba, yeye ndiye aliyetangaza uamuzi, na sisi ndio tuliopiga makofi. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

7. Kinachokwenda, kipimwe kabla hakijakwenda

Jengo kuu la Makerere, la mwaka 1941, walilopitia kina Julius Nyerere na Benjamin Mkapa walipokuwa wanafunzi, liliteketea kwa moto Septemba 2020. Mabaki yalibomolewa, likajengwa jingine kwa sura ileile, likafunguliwa mwaka 2024. Mtu anaweza kubishana kama hilo ni jengo lilelile. Lisilobishaniwa ni kwamba hakuna anayeweza kurudisha sura ya jengo lisilo na vipimo, michoro wala picha, na mengi ya vyuo vidogo hayana hata kimoja.

Kabla bweni letu halijashushwa tulilipima chumba kwa chumba, tukapiga picha hadi bawaba za milango, tukawarekodi wapishi na walinzi wa zamani. Tuliomba pia vigae vyake vishushwe kwa mkono. Vizima vilipanda juu ya bwalo, mahali pa vile vilivyovunjika, na vikatupunguzia gharama kubwa, maana vigae vya aina ile havipatikani dukani.

8. Ukishinda, umejipatia deni

Mchango wa kwanza ulikuja haraka kwa sababu X ilikuwa bado inaonekana ukutani. Ilipofutwa, simu zikaanza kutopokelewa. Ilibidi tuunde kamati ndogo na mchango mdogo wa kila mwaka, na tukaandikiana na chuo nani anasafisha mifereji na nani anakagua kenchi. Kazi hii haina sherehe wala picha ya pamoja, lakini bila hiyo tungekuwa tumeahirisha tu tarehe ya kubomoa. Kwa hiyo anayenijia sasa na karatasi ya saini za kunusuru jengo la chuo chake, namuuliza jambo moja kabla ya kushika kalamu: nani atapanda paani kila mwaka kabla ya masika, na nani atamlipa?